Majibu Yaliyongoja Sikukuu

Mwezi wa sikukuu uliandama na majibu ya mama yakaingia kwenye simu, vyote viwili jioni moja, karibu kwa pamoja. Tulikuwa jikoni kwetu, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba kongwe ya mawe ambayo ngazi zake zinamtoa jasho hata kijana. Mimi nilikuwa nachagua mchele wa pilau, mama anakoroga unga wa mkate wa kumimina. Redio ya jirani ilipotangaza tu kwamba mwezi umeonekana, watoto wakaanza kupiga makelele uchochoroni, na katikati ya makelele yale simu ya mama, iliyokuwa juu ya kabati la vyombo, ikatoa mlio wake mdogo.

Nikaichukua mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Ujumbe ulikuwa mfupi: majibu ya vipimo vyako yako tayari, ingia kwenye akaunti yako uyasome.

"Nani huyo?" akauliza mama.

"Hospitali. Majibu yametoka."

Hakuacha kukoroga. "Usiku wa sikukuu?" akasema. "Hawa watu hawakulelewa?"

Nilicheka, maana sikujua la kufanya zaidi ya kucheka.

Majibu yenyewe yalikuwa ya kivimbe. Mama alikigundua kwenye ziwa la kushoto alipokuwa anaoga, kabla hata Ramadhani haijaingia, na akakaa nacho kimya. Aliniambia siku moja tulipokuwa tunakunja nguo, kwa sauti ile ile ya kunambia sukari imekwisha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonijua wanalijua hilo. Nikamgombeza mama yangu mzazi, kisha nikalia, kisha nikampeleka hospitali moja ya binafsi nje ya mji. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimchoma sindano akatoa kinyama kidogo cha kwenda kupimwa, kujua kama kivimbe kile ni cha kawaida au ni saratani.

Daktari akatueleza kwamba siku hizi hakuna haja ya kurudi kufuata majibu. Mgonjwa anafunguliwa akaunti kwenye mtandao wa hospitali, vipimo vikitoka anapata ujumbe, anavisoma mwenyewe popote alipo, halafu ndio anakuja kuzungumza na daktari. Mimi nilifurahi. Kazi yangu ni kupokea maombi ya vyumba katika hoteli moja hapa Mji Mkongwe, kutwa najibu barua pepe za watu ambao sitawaona, na niliona hatimaye na hospitali nayo imeamka. Mama hakufurahi.

"Na nani atakuja kuniambia?" akamwuliza daktari.

"Simu yako, bibi."

"Simu inapiga hodi?"

Daktari alicheka. Mama hakucheka, maana alikuwa anauliza kweli.

Nikamfungulia akaunti pale pale kwenye kiti cha kungojea. Nywila aliichagua mwenyewe: jina la paka wetu aliyekufa zamani, paka mwizi ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ubaya. Nikamwambia kwamba nywila ni siri ya mtu mmoja. Akaniitikia vizuri kabisa, na kabla ya magharibi alikuwa ameshampigia simu mdogo wangu wa kiume huko Paje akamtajia, ili watoto wake wote wawili wawe nayo. Ndivyo tulivyo. Katika nyumba yetu hakujapata kuwa na mlango wa ndani unaofungwa kwa ufunguo.

Lazima nieleze kwa nini mama alijali sana nani atakuja kumwambia. Kwa miaka mingi, mtu wa kuja kuwaambia wengine alikuwa yeye.

Zamani majibu yalifuatwa kwa miguu. Hospitalini kulikuwa na dirisha lenye wavu, na ndani yake mtu anayeita majina, na nje benchi refu ambalo watu walikaa mabega yakigusana, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kila mmoja ameshajua mgonjwa wa mwenzake anaumwa nini. Anayekwenda hakuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa kitandani kwake. Anayekwenda alikuwa mkubwa wa familia, na kama habari ilikuwa nzito daktari alimwita pembeni akamwambia yeye. Basi mkubwa yule alitoka pale na bahasha ya kaki kwapani, hajui aanzie wapi. Wengi walianzia kwetu. Walipanda ngazi zile wakihema, wakamkuta mama kwenye mkeka anashona kofia, wakasema, "Bi, tusaidie kusema."

Na mama alijua kusema. Hakwenda asubuhi, kwa sababu hakutaka mtu aanze siku namna ile. Hakwenda magharibi, kwa sababu alisema giza likiingia kila habari inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Alikwenda baada ya sala ya alasiri, amevaa buibui lake, na mkononi ana sahani ya vitumbua au hata embe moja. Alikaa kitako. Aliuliza hali ya kila mtu wa nyumba ile, mkubwa na mdogo. Alihakikisha wote wamekunywa maji. Kisha alisema neno moja tu, "Nimetumwa," na anayesikia akapata nafasi ya kujiweka sawa. Kilichofuata alikisema kwa sauti ya kawaida, hakukipamba wala hakukipunguza. Na baada ya kusema hakuondoka. Hilo ndilo watu walilomkumbuka nalo. Alibaki akapika kwenye jiko lao, akawakunjia nguo, akakaa mpaka kilio kikatulia.

Kulikuwa na siku ambazo hakwenda kabisa, na hizo ni siku za sikukuu. Nilipokuwa msichana wa sekondari, jirani yetu wa mlango wa pili aliugua, na habari yake mbaya ikaletwa kwa mama katika siku za mwisho za Ramadhani. Mama akaipokea akanyamaza. Sikukuu mosi tukaenda kwa jirani yule kama kawaida yetu. Mama alikula tambi zake, akasifu mapazia yake mapya, akacheka naye mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Sikukuu zilipokwisha, alasiri, akavaa buibui akaenda. Nilipofahamu kwamba siku zote zile alikuwa anajua, nilimwendea kwa hasira.

"Umewadanganya," nikamwambia.

"Sikuwadanganya. Niliwawekea."

"Uliwawekea nini?"

"Sikukuu yao."

Sikumwelewa, na kwa siku kadhaa nilimnunia. Nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba kila kweli lazima isemwe papo hapo.

Nyumba ya jirani yule sasa ni nyumba ya wageni, ina vyungu vya maua mlangoni na kijana wa kupokea mabegi. Watoto wake wamehamia Fuoni. Wengine wa mtaa wako Mwanakwerekwe, wengine Bububu, wengine makaburini. Wale wanawake waliokuwa wakiitana kutoka dirisha hadi dirisha, "Bi, umeshapakua?", wamekwisha mmoja mmoja, na siku hizi ukiinua kichwa kwenye madirisha yale unaona taulo nyeupe za hoteli zimeanikwa. Hakuna aliyemwambia mama kwamba kazi yake imekwisha. Watu waliacha tu kupanda ngazi. Kila mmoja anapata habari yake kiganjani, anaisoma peke yake dukani au barabarani, na anajua mwenyewe atakwenda nayo wapi. Mimi wakati ule mambo yale yanaondoka sikuyasikitikia hata kidogo. Sasa nayakumbuka na yananiuma. Nakumbuka hata zile hatua za mtu anayepanda ngazi, ingawa tulijua huenda zimebeba msiba.

Basi jioni ile, nimeshika simu, nikamwuliza mama, "Nifungue?"

"Iweke hapo ulipoitoa."

"Mama, ni kubonyeza tu."

"Nnajua ni kubonyeza. Majibu hayapokelewi usiku wa sikukuu. Sikuwapelekea watu, na mimi sitaki kuletewa. Sikukuu zikisha tutakaa kitako sote watatu, tutayafungua. Daktari wako mwenyewe si alisema hayupo mpaka baada ya sikukuu? Sasa unakimbilia wapi?"

Kweli, daktari alisema hivyo. Nikaifungua ile akaunti ukurasa wa mbele tu, nikamwonesha mama. Palikuwa na jina la kipimo chake, na ubavuni mwake nukta nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Maana yake hayajasomwa. Ukiyafungua mara moja tu, inaondoka."

"Kwa hiyo inajua nani kachungulia."

"Haijui nani. Inajua kwamba mtu kachungulia."

Akaitazama nukta ile kwa muda. "Basi na wewe usichungulie huko kwenye simu yako," akasema. "Nshakujua. Niapie."

Nikaapa. Nikaiweka simu juu ya kabati, nikamaliza mchele, nikaenda kuoga maana nywele zangu zilikuwa zinanuka vitunguu.

Mdogo wangu aliingia asubuhi ya sikukuu mosi kutoka Paje, ambako anafanya kazi katika hoteli ya wale wageni wanaochezea upepo baharini. Alikuja na mkewe na watoto wao, wote wananukia udi na nguo mpya. Baada ya mikono ya Idi na chai nikamvuta kwenye ngazi nikamweleza. Akapandwa palepale. Hasira zetu ni za kurithi, tumezipata kwa baba.

"Dunia nzima watu wanafungua majibu yao," akasema kwa mnong'ono ambao ungeweza kusikika Darajani. "Sisi tunayawekea sikukuu? Kama ni kitu kibaya, kila siku ina maana."

"Na ukifungua leo utafanya nini? Utampasua wewe?"

"Ntajua."

"Ukishajua?"

Akapiga ukuta kiganja. Mama akamwita kutoka juu. "Naam!" akaitikia, akapanda, na aliporudi uso ulikuwa umenywea. Alikuwa ameapishwa kama mimi.

Nikumbukapo sikukuu ile, najiuliza tuliwezaje. Nilidhani tutakaa tunaitazama simu ile muda wote. Haikuwa hivyo, na sababu yake ilikuwa mama. Alivaa gauni jipya la kijani, akajitia hina, akatuamrisha kama zamani: we leta sinia, we mpelekee jirani bakuli, we mtoto usikae na viatu kwenye mkeka. Kama kuna mtu alianza kumtazama kwa jicho la huruma, alimpa kazi. "Hakuna anayejua kitu," alisema, "kwa hiyo hakuna cha kuhuzunikia. Kuleni." Na tulikula. Nikaanza kuamini kwamba jambo ambalo halijafunguliwa bado halijatokea.

Watu wa zamani walikuja kumpa mkono, wale waliohamia mashamba. Walipanda ngazi wakilalamika magoti yao, na kwa siku zile nyumba ikarudi kuwa ile ya utoto wangu: viatu vimejaa mlangoni, buli halipoi, sauti zinapishana. Mchana wapwa zangu walilala sakafuni miguu juu ya matumbo ya wenzao. Jioni tuliwapeleka viwanja vya Mnazi Mmoja wakarudi na vibaluni na midomo imekuwa miekundu kwa peremende. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili waziwazi kwa sababu baadaye nililionea haya, na sasa silionei tena.

Jioni ya mwisho mdogo wangu akakileta kisa cha baba. Baba yetu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mfuata majibu wa nyumba, na pale dirishani alikuwa na hofu moja tu, kwamba jina la mtu wake litapita asilisikie. Kwa hiyo aliitikia "Naam!" kwa kila jina. Siku moja alikwenda kufuata majibu ya damu ya bibi yetu, mama yake, akaitikia jina la mtu mwengine, akaja nyumbani na bahasha iliyosema kwamba mwenye kupimwa ni mjamzito. Baba aliisoma kwa sauti kabla akili haijamfika. Bibi, mjane wa miaka mingi, asiye na jino hata moja, akasema, "Sasa mimi ntawaambia nini watu?" Baba akatoka mbio kurudi hospitali, na njiani akakutana na kijana anakuja mbio upande wa pili, karibu kulia, kwa sababu bahasha aliyopewa ilisema mkewe, bibi harusi wa juzi, ana sukari na presha na mifupa imechoka.

Mdogo wangu anaigiza vizuri. Aliigiza bibi, akaigiza kijana yule, na alipofika kwenye mifupa imechoka alianguka kutoka kwenye kigoda na mkewe akapaliwa na chai. Mimi nilicheka mpaka nikalaza kichwa kwenye mapaja ya mtoto mmoja. Nilipoinua uso nilimwona mama hacheki. Ameshika shavu, anatutazama mmoja mmoja, ana utulivu usoni. Nikadhani amechoka na mapishi.

Siku iliyofuata sikukuu zilikuwa zimekwisha. Mama hakusema lolote asubuhi wala adhuhuri. Baada ya alasiri akatuita mimi na mdogo wangu chumbani kwake. Tukakaa kitako kwenye mkeka. Alikuwa amejifunga mtandio vizuri, amekaa wima. Akamwuliza mdogo wangu habari za kazini kwake, tena kwa kirefu. Akaniuliza mimi mgongo unaniumaje siku hizi. Kulikuwa na jagi la maji na gilasi, akatumiminia, akangoja tunywe. Mdogo wangu alikuwa anatingisha goti, hawezi kusubiri zaidi. Akaichukua simu kutoka mkekani, akaandika jina la paka.

Kisha akakunja uso. "Nukta iko wapi?"

"Nukta gani?"

"Hiyo nyekundu uliyonambia. Haipo." Akanigeukia. "Umefungua."

"Mimi? Wallahi sijafungua!"

"Nywila unayo wewe."

"Na wewe huna? Nani aliyekuwa akinong'ona kwenye ngazi ati kila siku ina maana? Nani aliyekaa na simu chooni jana mpaka watoto wakagonga mlango?"

"Nilikuwa naongea na kazini!"

"Sikukuu? Chooni?"

Tukapandiana. Maneno yalitoka ambayo hayakuhusu nukta wala simu: nani anakuja kumwona mama na nani haji, nani alimwachia nani mzigo, nani alijifanya mkubwa tangu utotoni. Nilimwona mkewe mlangoni, akawakusanya watoto akashuka nao ngazi. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama, na mimi nimeshasimama.

"Nyamazeni," akasema mama.

Hatukunyamaza.

"Nyamazeni, wanangu," akasema. "Nimetumwa."

Nikakaa. Mdogo wangu alibaki amesimama na simu mkononi, mdomo wazi.

"Ni saratani," mama akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Nilivyofahamu mimi, imo mle mle kwenye kivimbe. Kama imekwenda mbali au haijakwenda, hilo daktari atatwambia kesho. Nukta nimeiondoa mimi."

"Lini?" nikauliza.

"Usiku ule ule. Ulipokwenda kuoga."

"Na Kiingereza chote kile umekisomaje?"

"Sikukisoma chote. Neno lile nimelipeleka nyumba ngapi za watu? Nisilijue likija kwangu?"

Nilimkasirikia. Wallahi, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa hasira, ile ile ya usichana. Nilitaka kumwambia umetudanganya. Nikaona gauni la kijani, na hina, na mikono ile ikipakua pilau, na yeye peke yake kati yetu sote anajua, tangu usiku ule wa mwandamo mpaka sasa hivi. Hasira ikageuka kilio. Mdogo wangu alikuwa ameshatangulia, analia kama alivyokuwa akilia mdogo, kwa kelele.

"Ungetwambia, mama," akasema. "Siku zote hizi ulikuwa peke yako."

Mama akamvuta akamkalisha karibu yake. Alimwacha alie kwanza. Halafu akasema, "Nshaingia nyumba nyingi mimi. Watu wakishajua, hawacheki tena mpaka wamtazame mgonjwa kwanza, wamwone kama anaweza kucheka. Hawakusudii, lakini ndivyo wanavyokuwa. Nilitaka niwaone mnacheka bila ya kunitazama."

Akatumiminia maji tena.

Mama alipasuliwa Dar es Salaam kabla mwezi haujakwisha, akatiwa dawa, nywele zikatoka na zikaota tena, nyeupe na laini. Yuko hai, na anagombana nami kila siku kuhusu chumvi. Kila baada ya miezi michache anapimwa, simu inalia wakati wowote inaotaka, na tunafungua pamoja, yeye katikati, mimi huku, na mdogo wangu kwa video kutoka Paje. Mpaka sasa yamekuwa majibu mazuri.

Sikukuu hii iliyopita alikuwepo mezani, na mdogo wangu akakileta tena kisa cha baba. Akaigiza bibi, akaigiza kijana wa mbio. Alipofika kwenye mifupa imechoka, kicheko kilikuwa kimeshanijaa kifuani, na kabla hakijatoka nikayasikia macho yangu yanakwenda kwa mama. Ya mdogo wangu yalikuwa yameshafika. Na ya mkewe. Mama akainama juu ya sahani yake, akashughulika na pilau, ili asituone.